Risiti imepotea na pasi haipati moto: ujumbe wa malipo unakusaidia hadi wapi?

Tuseme ni Jumamosi na uko Nyeri mjini. Umetoka Mukurwe-ini asubuhi na matatu, umefanya shughuli zako, na kabla ya kurudi stage umeingia duka la vyombo vya umeme ukanunua pasi ya shilingi 1,450. Umelipa kwa till. Mwenye duka amekupa kakaratasi kadogo, ukakatia mfukoni pamoja na pesa ya nauli.

Jumapili jioni unataka kupiga pasi yunifomu za watoto. Taa ya pasi inawaka, lakini moto hakuna. Unatafuta risiti, haiko. Pengine imewashia jiko, pengine imefuliwa ndani ya suruali.

Jumatatu unarudi mjini, nauli ingine. Mwenye duka anakuangalia na kukuuliza, "Risiti iko wapi?" Nyuma yake kuna bango: *Bidhaa ikiuzwa hairudishwi.*

Hapo watu wengi huchukua njia moja kati ya mbili. Wa kwanza hukata tamaa, anarudi nyumbani na pasi mbovu na hasara ya nauli mbili. Wa pili hukasirika, anatoka nje na kuomba malipo yarudishwe kupitia simu kana kwamba alituma pesa kimakosa. Njia zote mbili si nzuri, na ya pili inaweza kukuingiza kwa shida kubwa kuliko pasi. Tuangalie njia ya tatu.

Lile bango lina nguvu kiasi gani?

Lina nguvu, lakini si kwa kila kitu.

Ukinunua kitu kizima, kisha ukabadilisha mawazo, kwa mfano rangi haikupendezi au umepata cha bei nafuu kule Karatina, duka halilazimiki kukirudisha. Likikubali, limekufanyia hisani. Hapo bango linasimama.

Kitu kikiwa kibovu, hadithi inabadilika. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, kifungu cha 5, inasema muuzaji anahesabiwa kuwa ametoa dhamana kwamba kitu alichokuuzia kina ubora wa kufaa kuuzwa. Sheria hiyo hiyo inaondoa nguvu ya sharti lolote linalojaribu kufuta dhamana hiyo. Kwa maneno mengine, bango la ukutani haliwezi kugeuza pasi isiyopata moto kuwa pasi nzima.

Nayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani kuliko hizo mbili, na ina mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, ukikaa na kitu muda mrefu bila kusema chochote, unahesabiwa umekikubali. Kwa hivyo usingoje mwezi mzima, rudi mapema. La pili, kama ulikikagua kitu kabla ya kununua, huwezi kulalamika baadaye juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha. Hilo linawahusu sana wanunuzi wa mitumba. Ukishika koti sokoni, ukaligeuza, ukalijaribu, kisha ukafika nyumbani na kuona zipu haipo, lawama ni yako.

Sasa ona jambo moja: hakuna mahali sheria hizi zinasema haki yako inaisha karatasi ikipotea. Haki yako inatokana na kununua. Risiti ni ushahidi tu kwamba ulinunua. Na ushahidi unaweza kuwa wa aina nyingi.

Basi mbona mwenye duka anasisitiza karatasi?

Si kila anayeuliza risiti ni mkorofi. Jiweke upande wa pili wa kaunta kidogo.

Sababu ya kwanza ni ushuru. Duka lililosajiliwa kwa VAT, au linalotumia mfumo wa eTIMS wa KRA, likikuuzia kitu linaandikisha mauzo hayo. Likikurudishia pesa, linapaswa kutoa krediti noti, yaani hati ya kupunguza mauzo, na hati hiyo hufungwa na nambari ya risiti ya kwanza. Bila nambari hiyo, kwa vitabu vyake mauzo bado yapo, na ushuru anadaiwa. Ndio maana ukimsaidia kupata nambari ya risiti kwa mashine yake, umemwondolea nusu ya kisirani.

Sababu ya pili ni uzoefu. Pasi za aina moja zinauzwa maduka kumi kwa mtaa mmoja. Mwenye duka anajiuliza: huyu alinunua kwangu, ama kwa jirani? Alinunua Jumamosi, ama mwaka jana? Ama hakununua kabisa, aliichukua tu kwa rafu na sasa anataka kuigeuza pesa?

Sababu ya tatu ni hesabu. Chukua mfano rahisi wa gambuti. Mwenye duka amezinunua kwa shilingi 720, anaziuza 850. Faida yake ni 130. Mtu akizivaa wiki mbili kwa shamba la chai, akazioshaosha na kuzirudisha kama mpya, mwenye duka anatoa 850 na kubaki na gambuti zisizouzika. Kufidia tu ile 720 aliyonunulia, anahitaji kuuza jozi sita zingine bila kupata chochote mfukoni. Na hapo hujahesabu kodi ya duka wala mshahara wa kijana anayemsaidia.

Kwa miji yetu, Nyeri, Othaya, Karatina, Chaka, Nanyuki, mwenye duka mara nyingi ni mtu unayemjua. Mnakutana kanisani, watoto wenu wanasoma shule moja. Anayeumia hapa si kampuni fulani ya mbali.

Ujumbe wa malipo unathibitisha nini?

Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, Wakenya wamezoea kusema "niko na message". Ni kweli, ujumbe wa malipo ni ushahidi, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya inatambua rekodi za kielektroniki. Lakini usome vizuri kilichoandikwa ndani yake.

Ujumbe wa malipo ya till unaonyesha:

- nambari ya muamala
- kiasi ulicholipa
- jina la biashara lililosajiliwa na hiyo till
- tarehe na saa

Ujumbe huo hauonyeshi:

- ulinunua nini
- ni vipande vingapi, vya saizi gani
- kama kitu ulichobeba leo ndicho kilichotoka dukani siku ile

Kwa ufupi, ujumbe unathibitisha *malipo*, hauthibitishi *kitu*. Unaonyesha kwamba Jumamosi saa tisa na dakika kumi ulilipa duka hili shilingi 1,450. Kama bei ya pasi hio ni 1,450 kamili, umefika karibu sana. Kama ulinunua pasi, soketi na balbu kwa pamoja, utahitaji kueleza hesabu.

Kuna tofauti kubwa pia kati ya kulipa kwa till na kutuma kwa nambari ya mtu. "Tuma tu kwa hii namba yangu, till imekwama." Umesikia hayo. Shida ni kwamba ujumbe wako sasa una jina la mtu, hauna jina la duka. Kesho mwenye duka anaweza kusema huyo ni mfanyakazi aliyeacha kazi, au kwamba ulikuwa unamlipa deni. Ukilazimika kulipa hivyo, omba risiti ya karatasi hapo hapo na uhakikishe imeandikwa nambari ya muamala.

Na ukifuta ujumbe? Usiogope. Malipo yako hayafutiki na ujumbe. Omba taarifa ya akaunti yako, ile watu huita statement, kupitia menyu ya simu au programu ya malipo, na utafute tarehe ile. Taarifa hiyo hata ina uzito kuliko ujumbe, kwa sababu ujumbe ni rahisi kuughushi na wafanyabiashara wanajua hivyo.

Ukifika dukani, fanya hivi

Nenda mapema, na uende saa ambazo duka halijajaa. Beba kitu chenyewe, kartoni yake, waya zake na kile kitabu cha maelezo. Salimia kwanza. Kisha eleza kwa utulivu, tuseme hivi:

"Mama, habari ya asubuhi. Jumamosi nilinunua pasi hapa, nililipa kwa till. Imekataa kupata moto. Risiti imenipotea, lakini malipo ni haya, saa tisa na dakika kumi. Naomba uangalie kwa mashine yako."

Umempa saa kamili, kwa hivyo anaweza kufungua rekodi zake za siku hiyo, za till na za mashine ya risiti, na kupata mauzo yenyewe. Mara nyingi mjadala unaishia hapo.

Onyesha ujumbe huku umeshika simu yako mwenyewe. Mtu akitaka kuunakili, msomee nambari ya muamala. Hakuna haja ya simu yako kupelekwa nyuma ya duka, na hakuna haja ya mtu kuona salio lako.

Kisha uwe tayari kukubali suluhisho la haki. Linaweza kuwa pasi ingine ya aina hiyo, matengenezo, kubadilishiwa kitu kingine cha bei hiyo, au kurudishiwa pesa. Kama kuna dhamana ya mtengenezaji, duka linaweza kukuomba siku chache lipeleke kitu kukaguliwa. Omba liandike kwamba limepokea pasi yako, tarehe, na jina la aliyeipokea.

Mkikubaliana pesa irudi, omba irudi kwa nambari ile ile iliyolipa. Hii inawalinda nyote wawili. Wewe unabaki na rekodi. Naye anajua hutachukua noti mkononi leo, kisha kesho udai malipo yako kwa simu tena.

Pale haki inapogeuka kuwa udanganyifu

Hapa tuongee ukweli, kwa sababu si wateja wote wanaorudisha vitu ni watu walioumizwa.

Kuna anayenunua suti ya harusi Ijumaa, anaivaa Jumamosi na kuirudisha Jumatatu. Kuna anayeweka chaja yake ya zamani ndani ya kartoni mpya. Kuna anayeokota risiti ya mtu mwingine nje ya supamaketi, anaingia kuchukua kitu kama hicho kwa rafu na kukipeleka kaunta. Kuna anayenunua kwa bei ya chini Karatina na kurudisha kwa bei ya juu Nyeri. Na kuna anayehariri ujumbe wa malipo kwa simu ili uonyeshe kiasi kikubwa.

Wengine hujitetea, "Duka ni la tajiri, hatasikia." Lakini sheria haiulizi kama aliyeibiwa ni tajiri. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 313, na kifungo chake kinafika miaka mitatu. Kughushi ujumbe wa malipo kunaweza pia kukuingiza chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Na kumbuka till haikuachi bila alama. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Hadithi unayosimulia kaunta na rekodi iliyoko kwa mfumo zikigongana, rekodi ndiyo itakayoaminiwa.

Kuna pia hali za katikati, ambapo mtu mwaminifu hajui afanye nini. Umepewa zawadi, haina risiti, na ni kubwa kuliko mguu wako. Sema tu ukweli: "Ni zawadi, naomba kubadilisha saizi." Maduka mengi yatakubali kubadilisha, hata kama hayatatoa pesa. Au umeangusha simu mpya na kioo kimepasuka. Ukisema ilikuja hivyo, umemwibia. Ukisema iliniangukia, anaweza kukuelekeza kwa fundi mzuri na pengine kukusaidia kwa bei.

Kipimo ni rahisi. Kama mwenye duka angekuwa amekuona tangu uliponunua mpaka uliporudi, je, ungebadilisha maneno yako? Kama jibu ni ndio, usiyaseme.

Kuomba malipo yarudishwe kwa simu si njia ya mkato

Huduma ya kurudisha pesa iliwekwa kwa ajili ya makosa: umekosea tarakimu moja ya nambari, au umelipa till ya duka la jirani. Haikuwekwa kwa ajili ya bidhaa iliyokukasirisha.

Kuna watu wamegeuza huduma hii kuwa mtego. Mtu anachukua unga, mafuta na sukari, analipa, mwenye duka anaona ujumbe, wanaagana. Akifika kona anaomba malipo yarudishwe, eti alituma kimakosa. Huo si ujanja wa mjini, ni wizi. Ndio maana malipo ya biashara yanapopingwa, upande wa pili huulizwa kabla ya uamuzi, na mwenye duka akionyesha kwamba mzigo ulichukuliwa, mlalamikaji ndiye anayebaki na maswali ya kujibu.

Hata kama pasi ni mbovu kweli, ukidai kwamba ulilipa *kimakosa* umesema uongo, na umeharibu kesi yako nzuri. Ulilipa kwa kutaka. Shida yako ni ubora wa pasi, na hilo linamalizwa na duka.

Na ujihadhari na upande wa pili wa mtego huu. Baada ya kulalamika, hasa ukilalamika mahali ambapo watu wengi wanaona, unaweza kupigiwa simu na "customer care" anayekwambia pesa yako iko tayari, ila kwanza umtajie PIN, au ubonyeze tarakimu fulani, au utume kiasi kidogo cha "kufungua" malipo. Kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Hakuna duka wala kampuni ya malipo inayohitaji PIN yako ili kukurudishia kilicho chako.

Agrovet: mahali ambapo risiti ni msimu mzima

Pasi mbovu ni hasara ya 1,450. Mbegu mbovu ni hasara ya msimu. Mkulima wa Kieni anayepanda viazi, au wa Othaya mwenye mahindi na maharagwe, hawezi kurudisha mvua.

Kwa hivyo ukinunua mbegu, dawa au mbolea, risiti na ujumbe wa malipo havitoshi. Hifadhi pakiti yenyewe, kwa sababu ina nambari ya kundi la mbegu. Pakiti za mbegu zilizoidhinishwa na KEPHIS zina kibandiko cha kukwangua. Tuma nambari iliyo ndani kwa 1393 uhakikishe kabla ya kufungua. Piga picha ya pakiti na risiti zikiwa pamoja, siku hiyo hiyo.

Mwaka 2024 nchi nzima ilizungumzia mbolea feki iliyopitia mpango wa ruzuku. Mkulima aliyekuwa na rekodi ya kununua alikuwa na pa kuanzia. Aliyenunua kwa mkono, bila karatasi wala ujumbe, alibaki na gunia na neno lake tu.

Mkikosa kuelewana

Umekwenda kwa heshima, umeonyesha malipo, kitu ni kibovu kweli, na bado umekataliwa. Andika malalamiko yako kwa ufupi: tarehe, nambari ya muamala, kitu, kasoro, na jibu ulilopewa. Mpe mwenye duka nakala. Mara nyingine karatasi hio peke yake inatosha.

Ikishindikana, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK, hupokea malalamiko ya watumiaji kuhusu bidhaa. Kama ni suala la ubora au usalama, kuna KEBS. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa Sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na kesi inapaswa kumalizwa ndani ya siku 60. Kwa pasi ya 1,450 pengine hutafika huko. Kwa friji au mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, inafaa kujua.

Tabia tano za kuanza leo

1. Lipa kwa till au paybill ya duka, si kwa nambari ya mtu.
2. Soma jina la biashara kabla ya kuweka PIN.
3. Piga picha ya risiti kabla hujatoka dukani. Wino wa risiti nyingi hufifia. Picha haifuliwi na suruali.
4. Kitu cha umeme kijaribiwe dukani. Omba kichomekwe. Dakika mbili za kungoja pasi ipate moto ni nafuu kuliko nauli ya kurudi.
5. Usifute ujumbe wa malipo mpaka dhamana iishe.

Na wewe mwenye duka unayesoma hapa: andika jina la kitu na nambari ya muamala kwa risiti, weka masharti yako ya kurudisha mahali yanaonekana, na uyaandike kwa njia inayofuata sheria. Badala ya "hairudishwi", sema: "Tunabadilisha kitu kibovu ndani ya siku saba, njoo na risiti au ujumbe wa malipo." Mteja mwaminifu atakuamini zaidi, na yule mwingine ataona mapema kwamba unaweka rekodi.

Karatasi inaweza kupotea na bado mambo yakaelewana, mradi rekodi iko kwa simu na unachosema ni kweli.